Vichupa vya Mzee Mboje

Sumbawanga,
8 Januari 2024

Kwa Baba Mboje,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta salama wewe, Mama Loth, mwanao Loth na mkewe, mdogo wangu Rozina. Mimi sijambo, nipo kazini, mvua tu ndiyo imetuzidi. Tope limefika kwenye ngazi za maabara. Baba yangu Zenon anakusalimu kutoka Mollo. Anasema mahindi yake ya mwaka huu yatakufunga mdomo.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Simu ya kwako hupokelewa juu ya kichuguu, penye mtandao, na kila apitaye husimama kusikiliza. Haya si ya kichuguuni.

Mwaka jana mimba ya Rozina iliharibika. Sasa ana nyingine, inaingia mwezi wa nne, na kila jioni anashikwa na homa, anatoka jasho, viungo vinamuuma. Zahanati wamepima malaria, hawakuona kitu. Tena ameniambia ng'ombe watatu wametupa mimba zizini kwako. Kazi yangu unaijua, ni kupima magonjwa ya mifugo. Upo ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba, tunauita brusela, na humwingia mtu kwa maziwa mabichi. Ukimpata mjamzito, anaweza kumpoteza mtoto. Baba, naogopa.

Nimempa Felisian, kondakta wa basi la Kate, deli lenye barafu na vichupa sita. Naomba damu ya ng'ombe sita wa maziwa. Loth anajua kuitoa, alifundishwa kwenye semina. Mpaka nitakapojibu, Rozina asinywe maziwa yasiyochemshwa.

Binti yako,
Avelina


Kate,
14 Januari 2024

Mwanangu Avelina,

Marahaba. Mwangaluka, ingawa nyinyi Wafipa hamtajifunza kuitikia hata mkikaa na sisi miaka mia. Sisi huku wote wazima. Mwambie Zenon mahindi hayafungi mdomo wa Msukuma, yanaufungua.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, tena mara mbili. Ng'ombe kutupa mimba si habari mpya. Hutupa akiruka mtaro, akipigwa pembe, akila majani ya mvua za kwanza. Na mwanamke mwenye mimba kuona joto jioni, hilo nalo si habari mpya.

Lakini nikwambie linaloninyima usingizi. Mimi nimehama mara tatu. Nilitoka Meatu kijana, nikakaa Mpanda, nikaja hapa. Kila mahali mwanzo ni karibu mgeni, mwisho ni ondoa ng'ombe wako. Mwenyekiti wetu hapa ameshaniuliza, akicheka lakini macho hayacheki, kama mifugo yangu haina magonjwa. Ikitokea karatasi inasema inayo, hiyo ndiyo fimbo watakayonifukuzia. Sina nguvu ya kuhama mara ya nne.

Hata hivyo ombi la mkwe halitupwi. Damu hiyo hapo kwenye deli. Loth alikuwa shamba, nimetoa mimi, na mkono huu ulikuwa unatoa damu ng'ombe kabla wewe hujazaliwa.

Kuhusu maziwa, Mama Loth amempa Rozina ng'ombe wake, Mabala, yule wa madoa. Katika nyumba yangu mkwe mwenye mimba hupewa ng'ombe, na kikombe cha kwanza cha asubuhi, pamoja na povu lake, ni cha mtoto aliye tumboni. Nikimkataza, ni sawa na kumwambia mke wangu kwamba anamlisha mkwewe sumu. Siwezi kulitamka hilo bila karatasi.

Baba yako,
Mboje


Sumbawanga,
19 Januari 2024

Kwa Baba Mboje,

Shikamoo baba. Poleni na mvua. Mimi mzima, na leo ni mzima zaidi.

Nimepima vichupa vyote sita. Hakuna kilichotoa rangi ya ugonjwa. Ng'ombe wako ni safi! Karatasi nimeiambatanisha, ina muhuri na sahihi yangu. Nimeshukuru mpaka mwenzangu hapa maabara akaniuliza kama nimeposwa.

Homa ya Rozina basi ina asili nyingine. Mpelekeni tena zahanati. Nisamehe kwa kuwatia hofu.

Binti yako,
Avelina


Kate,
25 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Sisi wote wazima, na zizi zima.

Karatasi nimeibandika mlangoni kwa gundi ya viatu. Mwenyekiti alipopita nilimwita aisome, akasoma mpaka kwenye muhuri, akaomba maji ya kunywa. Nikampa maziwa.

Mama Loth alivyofurahi amemwongezea Rozina kikombe cha pili, cha jioni. Anasema mtoto atazaliwa na meno. Rozina amelala lala kidogo wiki hii lakini ni uchovu wa palizi.

Wewe ni mtoto mwema. Umeniondolea mzigo begani.

Baba yako,
Mboje


Sumbawanga,
1 Februari 2024

Kwa Baba Mboje,

Shikamoo baba. Habari za nyumbani. Nakuomba barua hii uisome ukiwa peke yako, na ukimaliza uichome kama utapenda.

Ngoja nikueleze kazi yangu kama ninavyomweleza mtu wa nyumbani. Kwenye friji ninacho kichupa kidogo chenye maji yasiyo na rangi. Yaliyomo yalitoka kwa mbuzi. Mbuzi huyo alichomwa sindano ya protini za kinga zilizochujwa kwenye damu ya ng'ombe. Mwili wake ukaziona ngeni, ukatengeneza kingamwili za kuzikamata. Kingamwili hizo zimesafishwa zisimshike mnyama mwingine, zikafungwa kitu cha kutoa rangi. Kazi yake ni moja tu, kumtafuta ng'ombe. Nikitega vijidudu vya brusela kwenye kishimo cha sahani ya plastiki, nikaweka damu ya ng'ombe, na ng'ombe huyo ana kinga dhidi yavyo, kinga yake hunasa pale, kingamwili za mbuzi humkuta pale, na rangi hutoka. Zisipomkuta, naziosha, zinakwenda na maji.

Damu yako haikutoa rangi, ndiyo maana nikafurahi. Nilifurahi haraka mno. Hata ng'ombe mzima kabisa huacha rangi kidogo, kama chai ya mtu bahili. Vishimo vyako vilikuwa maji matupu. Jambo hili lilinirudia kichwani nikiwa kanisani, nikashindwa hata kuimba. Kwanza nikadhani kingamwili zimeharibika, maana umeme ulikatika sana wiki ile. Nikaenda machinjioni nikaomba damu ya ng'ombe aliyechinjwa. Nikaipaka kwenye kishimo yenyewe, bila kutega ugonjwa wowote, nikaweka kingamwili. Rangi ikatoka kali. Nikaweka damu yako iliyobaki, kwa njia hiyo hiyo. Hakuna. Nikarudia na kichupa kipya cha kingamwili ambacho hakijafunguliwa. Hakuna.

Baba, kwenye vichupa vile sita hakuna ng'ombe hata mmoja.

Sijui ni damu ya nani. Kingamwili zangu haziniambii hilo. Sijamwambia mtu, wala sitaki kumwambia. Nakuomba jambo moja: Rozina aache kunywa maziwa ya Mabala leo, siyo kesho. Halafu niletee damu ya kweli.

Binti yako anayekuheshimu,
Avelina


Kate,
5 Februari 2024

Avelina,

Sisi huku wazima.

Nimeoza meno kwa uzee lakini sijaoza akili. Unaniita mwongo kwa maandishi. Baba yako Zenon tulipokaa kwenye mkeka wa posa alisema anatuletea binti mwenye adabu, na dada yake ana adabu kama yeye. Nadhani alimtaja dada mwingine.

Damu ni damu. Nyekundu. Haina jina, haina alama ya sikio. Mbuzi wa Ulaya ambaye hajawahi kuniona, hajui Kate iko wapi, anatoa ushahidi dhidi yangu na wewe unamwamini kuliko mkweo! Umeme wenu ulikatika, umesema mwenyewe. Dawa zenu zimeoza, kubalini.

Karatasi ipo mlangoni na sahihi ni yako. Haitoki. Ukitaka iondoke, njoo uitoe mwenyewe mbele ya watu, na uwaambie kwamba maabara ya serikali ilidanganya. Halafu uone nani atafukuzwa.

Usiniletee deli tena.

Mboje, mwenye ng'ombe


Sumbawanga,
8 Februari 2024

Kwa Baba Mboje,

Shikamoo. Matusi nimeyapokea, sitayarudisha.

Jana nilimpigia Rozina. Kutoka nyumbani mpaka kichuguuni alipumzika njiani. Nilimwambia asinywe maziwa mabichi, kwamba ni mimi niliyekosea kupima. Ndiyo baba, uongo huo nimeubeba mimi, ili wewe usiaibike. Alikwenda kumwambia mama mkwe wake, akanipigia tena analia huku anacheka. Mama Loth amesema maziwa ya kuchemsha ni ya wagonjwa na Wafipa. Eti, "Huyo dada yako amesoma mpaka amesahau." Na kikombe akaletewa. Alikinywa, kwa sababu karatasi ipo mlangoni, na sahihi ni yangu.

Kwa hiyo neno langu halina kazi hapo. Nimelipoteza siku niliyopiga ule muhuri. Limebaki neno lako.

Unaogopa kuhama. Nakuelewa kweli. Lakini mtoto huyu hana pa kuhamia. Yuko mahali pamoja tu, na kikombe kinamfuata huko kila asubuhi na jioni.

Barua zako zote zinaanza na "sisi wote wazima." Hata ile ya wiki ambayo Rozina alikuwa hajiwezi. Mimi sasa maneno hayo siyaamini tena.

Nimetuma deli, hata kama umelikataza. Vichupa vimo. Nakusubiri mpaka Jumatano ya Majivu. Baada ya hapo nitamwambia Baba Zenon kila kitu, na tutakuja wote wawili kumchukua Rozina. Itakuwa mbele ya watu, kama ulivyotaka, na mimi sitapenda hata kidogo.

Binti yako,
Avelina


Sumbawanga,
15 Februari 2024

Baba,

Shikamoo.

Jana nimepakwa majivu na sijaona deli wala barua. Felisian anasema alikukabidhi mkononi na hukumjibu salamu. Simu ya Loth haipatikani, ya Rozina haipatikani. Watu wa Kate wanasema kichuguu kimeloa na chaji hakuna, wengine wanasema hawajui. Hakuna anayeniambia kama mdogo wangu yu hai.

Kesho alfajiri nakwenda Mollo kumchukua baba. Jumamosi tutakuwa kwako.

Avelina


Kate,
16 Februari 2024

Mwanangu Avelina,

Barua hii anakuletea Rozina mwenyewe, na Loth amemshika mkono. Usije Kate. Kaa hapo umpokee, umpeleke hospitali kubwa moja kwa moja. Deli analo Loth.

Ni punda.

Yule anayebeba maji. Nilimchagua kwa sababu miaka yote niliyokuwa naye hajaugua hata siku moja. Nikasema damu yake itakuwa nzuri, itawapendeza. Nilitoa kwenye shingo yake nikagawa kwenye vichupa sita, nikaona nimekuwa mjanja sana. Ningejua kwamba kuna mbuzi duniani anayekesha akimtafuta ng'ombe, ningefikiri mara mbili.

Deli lako la pili nililificha ghalani chini ya magunia ya ulezi. Kila nikipita naisikia barafu yake inachuruzika, au labda nilikuwa naisikia tu kichwani. Majivu yakapita. Leo asubuhi nimekaa kwenye kigoda, Mama Loth anakamua. Rozina akatoka ndani amejishika kiuno, akamnong'oneza mama mkwe wake. Nilisikia. Ameona damu kidogo. Mke wangu akamwambia kunywa kwanza upate nguvu, akamjazia kikombe, povu likamwagika pembeni. Rozina akakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima.

Nikasimama nikakichukua kabla hakijafika mdomoni. Nimezaliwa kwenye maziwa, Avelina, sijawahi kuyamwaga. Nimeyamwaga. Mama Loth akapiga ukelele akidhani nimeingiwa na wazimu. Nikamwambia, karatasi iliyoko mlangoni ni ya punda. Loth akacheka. Akadhani ni utani wa asubuhi. Nikaenda mlangoni nikaibandua, ikachanika maana gundi ile ni ya viatu, nikampa vipande. Nikamweleza. Akaacha kucheka, akamtazama mkewe, halafu akanitazama mimi. Tangu hapo hajanisemesha. Damu iliyomo kwenye deli ameitoa yeye, mimi nimeshika pembe tu. Kila kichupa tumekiandika jina la ng'ombe wake. Barafu tumeipata kwa muuza samaki.

Sina cha kusema kuhusu wazima. Niambie kama amefika.

Mboje


Sumbawanga,
21 Februari 2024

Kwa Baba Mboje,

Shikamoo baba. Amefika. Alishuka kwenye basi amekuwa mwepesi, nilimbeba begi na yeye mwenyewe karibu nimbebe. Yuko wodini. Damu imesimama.

Hospitali wamempima kwa kipimo cha watu. Anao ugonjwa. Ameanza dawa, ataendelea nazo wiki nyingi bila kuruka. Mtoto yupo, moyo wake tumeusikia, Loth aliusikia akatoka nje kwenda kusimama ukutani. Daktari hakutuahidi kitu. Alisema tusubiri, na kila siku inayopita ni faida.

Sasa vichupa vyako. Safari hii ng'ombe wote sita wapo, niliwatafuta kwanza kabla ya kutafuta ugonjwa. Wanne wana rangi. Mabala ndiye mkali kuliko wote, kishimo chake kiligeuka nikiwa bado natazama vingine.

Baba, karatasi hii siwezi kuificha, inakwenda kwa afisa mifugo. Nimekaa nayo mezani asubuhi nzima nikikufikiria wewe na mara zako tatu za kuhama. Lakini ni lazima iende. Wale wanne watengwe. Maziwa yote yachemshwe mpaka yapande, ya kwenu na ya majirani wanaonunua kwako.

Swali moja zaidi. Mwandiko wa barua yako ya mwisho unapanda na kushuka. Wewe mwenyewe jioni unajisikiaje? Usinijibu kwa salamu.

Binti yako,
Avelina


Kate,
28 Juni 2024

Mwanangu Avelina,

Marahaba, kwa shikamoo zote nilizokaa nazo bila kuzijibu tangu Februari. Nilikuwa nangoja niwe na la kukuandikia.

Zamani ningeandika sisi wote wazima, nikaendelea na mambo mengine. Umeniharibia salamu. Sasa inanibidi nihesabu mmoja mmoja.

Mimi si mzima sana. Ulikisia sawa. Homa ya jioni ninayo tangu mwaka juzi, nikiiita baridi ya Ufipa. Nimepimwa, nimeanza dawa, zinanitia kichefuchefu lakini nameza. Mama Loth goti linamsumbua, damu yake ni safi. Anachemsha maziwa mpaka yanaungua chini ya sufuria, halafu ananitazama kama mimi ndiye niliyeyaunguza. Loth ni mzima. Alianza kunisemesha mwezi wa tano, siku ya kuvuna ulezi. Alisema, "Baba, nipe hicho kisu." Nikampa.

Mabala hayupo. Wote wanne hawapo, walikwenda machinjioni, afisa mifugo akiwasimamia. Nilimsindikiza Mabala mpaka barabarani. Nimelia, na sioni haya kukwambia. Punda yupo, anabeba maji, hana habari.

Kijiji nilikiita mimi. Sikungoja mwenyekiti anipige kwa ile fimbo, nilimpelekea mwenyewe. Niliisoma karatasi yako ya pili mkutanoni kwa sauti, na ya kwanza nikaieleza. Kina mama wanaonunua maziwa kwangu walinisema mpaka jua likazama, na walikuwa na haki. Wapo ambao mpaka leo hawanisalimii. Mwenyekiti alisema tutaona. Bado anaona. Lakini wiki iliyopita aliniuliza kama yule mbuzi wako anaweza kuwapima na ng'ombe wake, kwa siri. Nimemwambia kwa siri haiwezekani, nilishajaribu.

Rozina ni mzima. Alimaliza dawa zote, hakuruka hata siku moja, tangu atoke hospitali akarudi kwetu nilikuwa namsimamia kama askari. Tulipanga aje ajifungulie huko kwako, lakini uchungu ulimwahi jana mchana, tukamkimbiza kituo cha afya hapa hapa kwenye trekta la jirani. Wale ambao hawanisalimii walilisukuma lilipokwama.

Loth alitaka akimbilie kichuguuni akupigie. Nikamwambia ngoja, hii aisome. Felisian anaondoka sasa hivi, basi linapiga honi, amenipa dakika za kumalizia.

Ni wa kike. Mdogo, ana uzito wa kuku wa mayai, lakini muuguzi amemgeuza huku na huku akasema hana kasoro. Walinipa nimshike nikakataa, nikaogopa mikono yangu. Mama yake akasema, "Mpeni babu yake." Basi nikamshika. Alikuwa analia kwa nguvu, kijiji kizima kilisikia. Jina bado hatujampa, Rozina anasema tukusubiri wewe.

Sasa naweza kuandika. Huyu ni mzima.

Babu yake,
Mboje